Kupatwa kwa jua Agosti 2, 2027: tunaotaka kwenda kuona giza lenyewe tukutane hapa

Fundi Saa

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu mapema kwa makusudi, maana safari ya namna hii ukiianza mwezi mmoja kabla umeshachelewa. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote. Kivuli cha mwezi kitatokea Atlantiki, kitapita kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Moroko, kitakatiza Algeria, Tunisia na Libya, kitaingia Misri, kitavuka Bahari ya Shamu kwenda Saudi Arabia na Yemen, kitagusa ncha ya Somalia halafu kitaishilia Bahari ya Hindi. Mahali ambapo giza litakaa muda mrefu kuliko kote ni jirani na Luxor, Misri. Dakika 6 na sekunde 23.

Kwa asiyefuatilia mambo haya: mara nyingi giza la jua kupatwa hudumu dakika mbili au tatu, umekohoa limekwisha. Dakika sita ni bahati. Litakalopita hili kwa urefu ni la mwaka 2114, na humu ndani simwoni wa kulisubiri.

Sisi hapa Dar siku hiyo tutaambulia kipande. Jua litamegwa pembeni, mwendokasi itajaa kama kawaida, na wengi hawatajua kama kuna kitu kimetokea. Anayetaka giza itabidi asafiri.

Mimi nimeshaamua Luxor. Agosti kule mawingu ni kama hayapo, na hilo kwangu linapita mambo mengine yote, kwa sababu hakuna uchungu kama kulipa nauli, kupanga hoteli, kuomba ruhusa kazini, halafu siku yenyewe wingu moja likakaa pale pale. Saa za Misri wakati huo wa kiangazi zinalingana na zetu, kwa hiyo hesabu ni rahisi: jua litaanza kuliwa baada ya saa 5 na nusu asubuhi, na giza lenyewe litaingia saa 7 mchana na dakika mbili tatu hivi.

Nataka watu wachache, wasiozidi wa kujaa kwenye basi dogo. Maswali karibuni.

Tozi wa Mbagala

Mkuu yaani nipande ndege kwenda kuangalia giza? Huku kwetu umeme ukikatika tunalipata bure, tena zaidi ya dakika sita.

Mama Wawili

Tozi acha utani, wengine tunataka kujua.

Fundi Saa, mimi 2016 nilienda Rujewa kule Mbarali, Septemba mosi. Tulitoka Dar na basi usiku, watu walikuwa wengi ajabu, wanafunzi, wazungu, mama lishe wameuza mpaka vyakula vimekwisha. Lakini nikuambie ukweli, giza sikuliona. Mwanga ulififia ukawa wa manjano manjano, upepo ukawa wa baridi, basi. Wenzangu wengine walirudi wananung'unika. Kilichonifurahisha mimi ni chini ya mti wa mwarobaini: vile vidoa vya mwanga vinavyopenya majani vyote vikawa vipete vidogo, mamia, mchanga mzima umejaa pete. Nilikuwa na chujio la chai kwenye kikapu, nikalishika juu ya kanga, pete tupu!

Sasa hilo la Misri lina tofauti gani?

Fundi Saa

Dada umeuliza swali lenyewe hasa.

La Rujewa lilikuwa la pete. Siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, kwa hiyo ulionekana mdogo kuliko jua, ukakaa katikati na kuacha ukingo wa jua ukiwaka pande zote. Lilikuwa tukio kubwa, na sehemu pete ilipodumu zaidi kuliko kote duniani ilikuwa kusini mwa nchi yetu hii hii. Lakini ukingo ule mwembamba unatosha kuweka mchana.

Jua ni pana mara 400 hivi kuliko mwezi, na liko mbali mara 400 hivi, ndiyo maana kwa macho vinalingana. Umbali wa mwezi unabadilika, safari hii utakuwa karibu na sisi. Na mwanzoni mwa Agosti dunia bado haijasogea sana kutoka pale inapokuwa mbali zaidi na jua, kwa hiyo jua nalo linaonekana dogo kidogo. Mwezi utalifunika lote na kuzidi.

Na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika na asilimia. Mwanga wa jua ni kama mara 400,000 ya mwezi mpevu. Jua likifunikwa asilimia 99, ile moja iliyobaki bado ni sawa na miezi mpevu 4,000 juu ya kichwa chako. Hapo hakuna nyota, hakuna taji la jua (ule mwanga mweupe unaolizunguka jua likifunikwa lote), hakuna chochote. Asilimia 99 ni kufika Magogoni ukakuta pantoni limeshang'oa: Kigamboni unaiona, lakini hujafika.

Mtoro wa Chuo

Uzi mzuri mkuu. Mimi nina ndugu anasoma Cairo, nitafikia kwake, hoteli nimeikwepa. Kwa hiyo pale Cairo nitaona vizuri tu, si ndiyo?

Fundi Saa

Hapana. Cairo iko nje ya njia ya kivuli. Utaona jua limeliwa sehemu kubwa sana, lakini ni habari ile ile ya pantoni.

Njia yenyewe ina upana wa kilomita 258 hivi pale Misri. Ndani yake ziko Asyut, Sohag, Qena na Luxor, na ukienda Bahari ya Shamu, Marsa Alam. Hurghada wanakokwenda watalii wengi iko nje. Aswan iko nje pia, tena kwa kilomita chache zinazouma, kwa hiyo anayetaka kuunganisha na kuangalia lile bwawa aende siku nyingine.

Kwa ndugu yako fikia, kula, lala. Halafu panda treni ya usiku kwenda Luxor, kama kilomita 670 kufuata Mto Nile. Ila panda siku mbili kabla. Usijaribu kufika asubuhi ile ile, treni ikichelewa saa tatu umekwisha.

Ustadh wa Magomeni

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nimesoma uzi wote. Fundi Saa umesema kivuli kinavuka kwenda Saudia ukapita haraka, naomba nikurudishe hapo. Jeddah iko ndani ya njia, giza karibu dakika sita. Na Makka yenyewe imo ndani, dakika tano na kidogo. Jambo hilo litatokea baada ya adhuhuri. Hija ya mwaka huo itakuwa imeshapita, inaangukia Mei, kwa hiyo Agosti ni wakati wa umra.

Kuna kipi kikubwa kuliko kuwa Msikiti Mtakatifu jua linapopatwa, swala ya kusufu inasimamishwa pale pale, rakaa mbili zenye rukuu za ziada, kisomo kirefu? Siku aliyofariki Ibrahim mtoto wa Mtume, rehema na amani zimshukie, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Mtume akawakataza: jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake, mkiona hivyo swalini na mumwombe. Mtu aliyefiwa na mwanawe siku hiyo hiyo ndiye aliyesema maneno hayo. Kila nikiyasoma nasisimka.

Mimi nitakusanya watu wa kwetu Magomeni twende umra. Anayetaka aje.

Fundi Saa

Waalaykum salaam Ustadh. Hoja yako sina la kuipinga, nakuongezea tu moja ili watu wajue wanachochagua. Ukiwa Haram utakuwa kwenye swala, umeinamisha uso, na ndivyo inavyotakiwa. Anayetaka kuangalia juu na kamera na miwani, pale si mahali pake. Wa Luxor anakwenda kutazama, wa Makka anakwenda kuswali.

Ustadh wa Magomeni

Umesema kweli. Ila dakika tano giza la mchana hata aliyesujudu atalihisi.

Na wa umra wakumbuke chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile Saudia wanaidai. Msingoje wiki ya safari.

Mwalimu wa Jiografia

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Kuna jambo kwenye tarehe hii watu hawalijui na mimi huwa nawapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Jua, mwezi na dunia hurudi kwenye mpangilio unaofanana kila baada ya miaka 18, siku 11 hivi na saa 8. Zile saa 8 ndizo zenye mchezo. Katika saa 8 dunia inazunguka theluthi moja, kwa hiyo safari inayofuata kivuli kinaangukia upande mwingine wa dunia. Zidisha mara tatu: miaka 54 na mwezi mmoja hivi, zile saa 8 zinatimia siku nzima, na kivuli kinarudi upande wetu.

Sasa hesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 2, 2027. Unafika Juni 30, 1973. Siku hiyo giza lilikatiza Sahara, kule Niger zaidi ya dakika saba, na kivuli kikafika mpaka Ziwa Turkana, Kenya. Ndiyo siku ile wanasayansi walipopanda ndege ya Concorde wakakimbizana na kivuli juu ya Afrika, wakakaa ndani yake dakika 74.

Rudi nyuma tena miaka 54. Mei 29, 1919. Hiyo ndiyo siku Arthur Eddington, mwanasayansi wa nyota wa Uingereza, alikuwa kisiwa cha Principe, pale Ghuba ya Guinea, akipiga picha za nyota zilizo karibu na jua ili kupima kama Einstein alisema kweli kwamba mwanga unapinda ukipita karibu na kitu kizito. Kivuli kile kile kikaendelea kuvuka Kongo kikafika Tanganyika, nchi ndiyo kwanza imetoka vitani. Mababu zetu waliliona tukio lile lile lililomtangaza Einstein duniani, na hakuna aliyewauliza waliona nini.

1919, 1973, 2027. Ukoo mmoja. Kila ukirudi Afrika unakuwa umesogea kaskazini kidogo, na ule wa 2081 utapita Ulaya. Kwa hiyo hii ndiyo safari yake ya mwisho ya maana barani kwetu kwa muda mrefu, na mimi naunga mkono Luxor.

Tozi wa Mbagala

Mwalimu umenitoa nishai. Naomba kuondoa ule utani wangu wa umeme.

Mzee Kofia

Marahaba mwalimu.

Mimi la 1973 sikuliona, ila la Februari 16, 1980 niliona. Lilipita Zaire, likapita kwetu Tanzania, likaingia Kenya. Nilikuwa Voi kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi wa reli. Ilikuwa haijafika saa sita. Mjomba alitukataza kutoka nje, akatufungia na watoto wake. Dirisha la ubao lilikuwa na ufa, tukawa tunasukumana pale.

Nilichokiona kwenye ufa ni kuku. Walikuwa wanachakura jaani, mara wakasimama wote, jogoo akatangulia, wakaenda kwa mstari kwenye banda lao na kulala. Kisha rangi ya ardhi ikawa kama ya risasi. Halafu kelele za mtaa zikakatika. Mjomba mwenyewe ndiye aliyefungua mlango akatoka, sisi nyuma yake. Juu palikuwa na tundu jeusi limezungukwa na nywele nyeupe. Sijui niseme vipi. Mwanga uliporudi jogoo akawika, mjomba akacheka mpaka akakaa chini.

Nina miaka mingi sasa, magoti yana maneno. Huko Luxor kuna kutembea sana?

Fundi Saa

Shikamoo mzee. Hakuna kutembea ukitaka. Siku yenyewe tunakaa sehemu moja toka asubuhi mpaka alasiri.

Tena nikueleze jambo litakalokufaa: pale Luxor saa hiyo jua litakuwa karibu utosini, kama nyuzi 82 kutoka upeo wa macho. Ukisimama ukaliangalia dakika kumi shingo inakatika. Kwa hiyo mpango wangu ni mikeka. Tunabeba mikeka yetu ya ukindu kutoka hapa hapa Dar, tunalala chali kwenye uwazi wenye kivuli jirani, na wa kamera wanahangaika na miguu yao mitatu.

Mtihani mkubwa ni joto. Luxor Agosti ni nyuzi 40 na kupanda. Hilo si joto la Dar la jasho, ni kavu, unakauka bila kujua. Maji, kofia pana, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, nguo nyepesi za mikono mirefu. Giza likiingia joto litashuka kidogo na upepo unaweza kubadilika, lakini kabla na baada ya hapo ni jangwa.

Nesi wa Zamu

Habari za humu. Mimi natia neno la macho, kwa sababu kila likitokea hili tunapokea watu.

Filamu ya X-ray HAIFAI. Miwani ya jua, hata uvae mitatu, HAIFAI. Beseni la maji, CD, kioo kilichopakwa masizi, vyote havifai. Vinapunguza mwanga wa kuonekana ili usikonyeze, huku miale usiyoiona inaendelea kuchoma retina. Na retina haina maumivu. Mtu anatazama dakika zake, anarudi nyumbani anacheka, kesho yake asubuhi anaona doa katikati ya kila uso anaoutazama. Doa lile wakati mwingine haliondoki.

Kinachofaa ni miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2. Ukiivaa ndani ya nyumba usione kitu, hata balbu ionekane kwa shida. Ikiwa unaona kochi lako, itupe. Kioo cha kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14. Vinavyotumika sana na mafundi ni vya 10 na 11, hivyo usivitumie. Na usivae miwani hiyo halafu ukaangalia kwa darubini, mwanga uliokusanywa na lenzi utaiunguza miwani na jicho pamoja. Kichujio kinakaa mbele ya lenzi.

Mtoro wa Chuo

Nesi sasa hilo taji la jua tutalionaje kama miwani inaficha kila kitu?

Nesi wa Zamu

Jua likifunikwa LOTE unavua miwani. Ndicho kipindi pekee cha kuangalia kwa macho matupu. Ukingo wa kwanza wa mwanga ukitokea tu unavaa. Nje ya njia ya giza, kama hapa Dar, huvui hata sekunde.

Fundi Saa

Na ndiyo faida ya dakika sita, unapata muda wa kuvua, kushangaa, kutulia na kutazama pembeni pia. Watu wanasahau pembeni. Kabla ya giza, tandika shuka jeupe chini: wakati mwingine vimistari vya kivuli vinatambaa juu yake kama vinakimbia. Tazama kaskazini magharibi, kivuli kitatokea huko. Kipande cha mwisho cha jua kitang'aa kama kito kwenye pete, kabla yake mwanga unakatikakatika kwa sababu unapita kwenye mabonde ya ukingo wa mwezi. Kisha taji linafunguka. Zuhura itaonekana mchana kweupe. Upeo wote wa macho unakuwa na rangi ya magharibi, pande zote nne.

Anayetumia dakika hizo kuhangaika na simu atajuta. Picha nzuri zitapigwa na wenye vifaa, utazikuta mtandaoni jioni.

Dereva wa Tunduma

Wakuu mimi nawapinga kidogo. Kwa nini tusisubiri Novemba 25, 2030? Siku hiyo giza linapita Namibia, Botswana, Afrika Kusini mpaka Durban. Hapo viza hakuna, ni pasi tu na muhuri, uhakikishe tu taratibu kabla hujatoka. Unapita Tunduma, Zambia, unashuka. Gari naendesha mwenyewe. Ndege ya nini?

Halafu na lile la Agosti 12, 2026, la Hispania na Iceland, vipi?

Fundi Saa

La 2026 giza lake halifiki dakika mbili na nusu hata likiwa refu kabisa, Hispania linaangukia jua likizama, na kwa viza ya Ulaya nakutakia kila la heri mkuu.

La 2030 ni zuri, sikatai, na nauli ya barabara haina mpinzani. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza urefu: halifiki dakika nne popote, na huku ufukweni ni pungufu zaidi. Pili, Novemba upande wa Durban ni majira ya mvua, mawingu ya asubuhi ni kitu cha kawaida. Kama ni kwenda, usiende Durban, kaa upande mkavu, Namibia au kusini mwa Botswana. Na uwe na gari lenye mafuta ili uweze kuhama usiku ukiona hali ya hewa imegoma. Hapo ndipo dereva anamzidi mtu wa ndege, hilo nakupa.

Kuna na la pete Mei 21, 2031, litapita Angola, Kongo, Zambia na hapa kwetu Tanzania. Mama Wawili, chujio lako litunze.

Mama Wawili

Lipo kabatini!

Sasa tuje kwenye hela. Vyuma vimekaza, mimi nafanya biashara ya vitenge, siwezi kutoa mzigo wote mara moja.

Fundi Saa

Ndiyo sababu nimefungua uzi sasa. Sitaki kutaja bei humu, maana nikitaja leo kesho imebadilika mtaniita tapeli. Ninachoweza kusema ni mahali pesa itakapouma, nayo ni malazi. Hoteli za Luxor kwa wiki hiyo makampuni ya watalii yameshazivamia zamani, na zilizobaki zinauza kwa bei ya sikukuu. Tiketi ya ndege ni nafuu ukilinganisha: kuna ya moja kwa moja Dar kwenda Cairo, na kuna kupitia Addis Ababa, hizo zikifunguliwa kwa Agosti tunaziwahi.

Mawazo yangu ni tulale Qena au Sohag badala ya Luxor mjini. Nako giza ni kamili, tofauti ni sekunde, na watalii wachache. Luxor tunakwenda siku baada ya tukio, wakati wengine wanaondoka, tunaangalia mahekalu ya Karnak na makaburi ya Bonde la Wafalme kwa nafasi. Mtu ukishafika Misri usirudi bila kuona vile vitu.

Kuhusu kuchanga, tufanye kama kikoba: kila mwezi kidogo, mweka hazina mmoja, kitabu kinaonekana na wote. Hela haipiti kwangu. Nasema mapema kwa sababu niliwahi kuona safari ya kikundi ikafa kwa mtu mmoja kukaa na pesa zote, na jina la kikundi hicho halina maana hapa.

Kaunda Suti

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Nimewahi kufanya kazi za tiketi, nawaongezea ya makaratasi.

Pasi iwe na zaidi ya miezi sita mbele ya tarehe ya kurudi. Viza ya Misri ulizeni ubalozini kwao hapa Dar, msisikilize ya mtu aliyekwenda zamani, maana masharti hubadilika. Barua ya mwajiri au leseni ya biashara, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi, vyote hivyo viandaliwe kwa jina linalofanana na la kwenye pasi. Jina likitofautiana herufi moja mnaanza upya. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano bebeni, hata kama hamtaulizwa.

Na mikeka hiyo, fungeni vizuri, uwanja wa ndege wanaweza kuihesabu kama mzigo wa ziada.

Mzee Kofia

Mkeka wangu naubeba begani, watanikuta nao.

Fundi Saa niandike. Mwanangu anasema nimechanganyikiwa, nimemwambia alipe.

Tozi wa Mbagala

Na mimi niandike mkuu. Ila swali, kama siku hiyo wingu likitokea kweli?

Fundi Saa

Mzee nimekuandika wa kwanza. Tozi wa pili.

Wingu likitokea giza litaingia vile vile, tena zito zaidi, ila taji hutaliona. Pale Misri bonde la Nile mwezi wa Agosti hatari hiyo ni ndogo mno. Vumbi ndilo linaloweza kutia ukungu kidogo. Nitakuwa na basi limesimama tangu alfajiri, dereva hajanywa chai mbali, tukiona hali mbaya tunafuata barabara.

Sasa mwenye nia hasa anitumie ujumbe wa ndani, aseme kama ana pasi au hana. Asiye na pasi aanze nayo wiki hii. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tunakutana wale tulio tayari, saa 10 jioni, tunachagua mweka hazina na kuagiza miwani kwa pamoja, jozi mbili kila mtu. Mahali nitatuma kwa waliojiandikisha tu.

Ustadh wa Magomeni

Wa umra waje kwangu, miwani nasi tutaagiza pamoja na ninyi ili bei ishuke. Tutaitumia jua linapoanza kuliwa, kabla ya kuingia kwenye swala. Andika jozi arobaini.

Dereva wa Tunduma

Haya, nyie nendeni na ndege. Mimi nafungua uzi wangu wa 2030, wa kupita barabara waje huko. Nina nafasi saba, na anayejua kupika ugali porini anapewa kiti cha mbele.